Gari la Sellah Liko kwa Shemeji, na Wenyewe Wanalitaka Ijumaa

Mpendwa Mama Phelista,

Nakuandikia kutoka hapa Tuwan, Kitale, naomba unisaidie kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo, maana ikipita hiyo sijui kama kutakuwa na kitu cha kusaidia. Mimi ni msikilizaji wa kipindi chako tangu zamani, ingawa ukweli ni kwamba aliyekuwa anakusikiliza ni mke wangu, mimi nilikuwa nakusikia tu nikivaa viatu vya kwenda kazini, na yeye alikuwa anakujibu kwa sauti kama vile mko wawili jikoni, anasema, "Mwambie huyo mwanamume aache mchezo," na baada ya muda kidogo wewe unasema hivyo hivyo, halafu ananigeukia na kucheka kana kwamba ameshinda kitu.

Mke wangu aliitwa Sellah, na alifariki mwezi wa tatu, presha ilimpanda akiwa kazini na hakuamka tena. Alikuwa muuguzi katika zahanati moja upande wa Endebess na mimi ni mtu wa kusaga unga kwenye kinu cha mtu, shule niliachia darasa la nane, kwa hivyo utanisamehe nikichanganya mambo. Barabara ya kwenda kazini kwake ilikuwa inamchosha, ndiyo akachukua gari dogo jeupe kwa mkopo kutoka kampuni moja ya hapa mjini, na siku alipolileta nyumbani alizima injini, akakaa tu ndani akishika usukani, watoto wakizunguka nje kama kuku. Gari hilo alilipa jina, alikuwa analiita Mgeni, na nilipomuuliza kwa nini akasema, "Si bado ni la watu? Hili gari na mimi tuko sawa, Baba Nafula. Sote tumeingia hili boma kabla hatujamaliziwa kulipiwa." Alikuwa anamaanisha mahari yake, kwa sababu nilikuwa nimebakisha fahali mmoja kwa wakwe zangu, na kila mwaka mahindi yakikomaa nasema mwaka huu ndio, halafu karo inamla huyo fahali kabla hajanunuliwa.

Basi Mama, fahali huyo ndiye amenifikisha hapa.

Tulimzika Sellah kwetu Tongaren. Wewe ni mtu wa huku, unajua kwamba mke akifa mahari ikiwa haijaisha, watu wake wana haki ya kuuliza kabla udongo haujamwagwa, na kaka yake anayeitwa Makokha alikuja na wazee wao akauliza, tena aliuliza kwa heshima, simlaumu. Ndugu zangu wakachanga, tukapata fahali mwekundu mwenye pembe zilizotazama mbele, nikaishika kamba mwenyewe nikamkabidhi Makokha mkononi mbele ya wazee wa pande zote, akaipokea, wazee wakasema yameisha, na moyoni nikamwambia Sellah kwamba sasa hata wewe si mgeni tena. Shida ikawa ni mahali pa kumfunga huyo ng'ombe. Boma lilikuwa limejaa watu, kila mti na kila nguzo ya ua ilikuwa imefungwa kamba za hema, na gari la Sellah lilikuwa limeegeshwa karibu na jiko kwa sababu ndilo lililotangulia mbele ya mwili kutoka Kitale. Makokha akaipitisha kamba kwenye madirisha mawili ya upande wa kushoto, akaifunga, akaenda kula. Sanduku lilipotolewa nje, akina mama wakapiga ukemi, fahali akashtuka, akazunguka, akalipiga gari kwa nyonga halafu kwa pembe. Mlango wa nyuma ukabonyea kama sahani, na mkwaruzo ukashuka kutoka hapo hadi karibu na gurudumu.

Hata katika msiba watu ni watu. Mmoja wa binamu zangu akasema, "Makokha, hiyo ng'ombe yako inatafuta kiti cha dereva?" na Makokha akajibu, "Ng'ombe ni ya Eliakim, mimi nimeshika kamba tu." Binamu akamwambia, "Si kamba ndiyo ng'ombe? Uliipokea ukashukuru, sasa unatukana shukrani yako." Wazee wakawanyamazisha. Aliyemtuliza huyo fahali ni Chepkosgei, rafiki ya Sellah, walikuwa wakifanya kazi pamoja zahanati, mwanamke wa huko mlimani ambaye amekulia kati ya ng'ombe, alimshika puani kwa vidole viwili akamwongoza nyuma ya ghala kama mtoto anayepelekwa kuoga. Chepkosgei alikuwa amekaa kwetu matanga yote, akichota maji na kusugua masufuria, mikono ikawa myeupe kwa majivu.

Na huyo Chepkosgei ndiye mdhamini wa mkopo wa gari. Aliweka hatimiliki ya shamba lake, shamba la viazi aliloachiwa na mama yake, na ndilo linalosomesha watoto wake maana hana mume. Siku aliyotia sahihi alimwambia Sellah, "Ukianguka, nami naanguka na wewe," wakacheka. Hakuna aliyejua.

Baada ya mazishi nilienda kwa kampuni nikawaambia sitaweza kuendelea kulipa kwa mshahara wa kinu, wakakubali nilirudishe gari, waliuze, na wakanieleza kwamba litakaguliwa, kama lina uharibifu utatozwa, na deni litakalobaki baada ya kuuzwa litamwendea mdhamini. Wakamtuma kijana wao anayeitwa Gathii aje kulitazama hapa nyumbani kwanza. Mama, hapa ndipo nilipoanza kukosa. Kabla hajafika nililisogeza gari nikaliegesha upande wa kushoto ukigusa ua wa michongoma, mtu hata mkono hawezi kupitisha, nikamwekea kiti upande wa kulia na chai na mahindi ya kuchemsha. Akazunguka hadi ua ulipomzuia, akaniuliza kwa adabu, "Hakuna mahali limegongwa, mzee?" nikamjibu, "Liko vile Sellah aliliacha." Na huo ni uongo, kwa sababu Sellah aliliacha zima.

Kijana alipoondoka nilishikwa na hofu kwamba siku ya kurudisha, yaani hiyo Ijumaa, hakutakuwa na michongoma. Nikampigia Makokha, maana nilifikiri huyu naye analijua jambo hili, akaja siku ya Jumapili baada ya ibada, akalitazama gari, akanipiga bega. "Shemeji, wewe tulia bana. Niko na fundi Bungoma, hiyo shimo anaijaza, anapiga rangi, hata mama mzazi wa hii gari hawezi jua. Hata wewe usitoe kitu, ni mimi." Nikaona ni upendo, nikampa ufunguo. Siku chache baadaye akanipigia kuniambia mlango umekamilika na ni mzuri kuliko mpya. Nikamwambia asante sana shemeji, basi lilete. Akasema, "Shemeji, nimefikiria. Hii gari ni jasho ya dada yangu. Hao watu wa kampuni, kuna mmoja alikuja matanga? Kuna mmoja alileta hata kilo moja ya sukari?"

Nikasema, "Makokha, gari ni la kampuni."

"Kampuni iko na magari mingapi, shemeji? Na mimi nilikuwa na dada wangapi?"

Akakata simu, Mama Phelista. Tangu siku hiyo hachukui simu yangu, na mteja mmoja wa kinu chetu ambaye huenda soko la Chwele kununua vitunguu alinieleza, bila kujua ananichoma, kwamba ameona gari la marehemu likibeba magunia ya vitunguu, na kwamba ule mlango mmoja ni mweupe kupita mingine, kama jino la kuwekwa.

Gari hilo lina kile kifaa cha kampuni cha kulifuatilia, na Gathii akanipigia. "Mzee, naona gari iko Bungoma siku nyingi. Kuna shida?" Nikamwambia tumeenda kuwasalimia wakwe. Akasema, "Sawa mzee, unisalimie hao wakwe," na afadhali angenitukana. Kisha Chepkosgei akaja, huja kila baada ya kanisa kuwaletea watoto maziwa kwenye kibuyu, akasimama uani pale mahali patupu, akauliza, "Baba Nafula, na Mgeni ako wapi?" Nikamwambia ako kwa fundi, mambo ya magurudumu. Akatazama chini, akasema, "Sawa. Mimi siku hizi naota ile shamba yangu ikitembea. Naona viazi vinatembea vinaenda barabarani." Akacheka kidogo, mimi sikucheka.

Utaniuliza kwa nini sijaenda kwa Makokha kulichukua gari. Mama, huyo ni shemeji yangu, kwetu shemeji hagombwi kama jirani. Tena mwanangu Wekesa anaingia jandoni mwezi wa nane, na unajua kijana wetu lazima aende kwa mjomba, mjomba amchinjie, amvishe ile nyama shingoni, ndipo arudi nyumbani akiwa na baraka. Nikigombana na Makokha leo, mwezi wa nane kijana wangu ataenda kwa nani? Na kuna jambo lingine ambalo naona haya kuliandika. Makokha akicheka ana mwanya kama wa Sellah, pale pale, na nikimwona nasahau nilichokuwa nataka kusema.

Sasa nishauri. Je, ninyamaze hadi alilete mwenyewe? Nimwambie Gathii? Nimwambie Chepkosgei na kumwongezea hofu mama wa watu? Au niende mapema asubuhi na ufunguo wa pili nilichukue kimyakimya, kwa sababu huo ufunguo ninao. Na kuna swali dogo, ukiliona ni la kijinga liruke. Kiti cha dereva kina leso yake aliyoitandika, na chini ya kiti kuna maganda ya njugu. Alikuwa ananunua njugu pale Kiminini tukitoka Tongaren, anamenya kwa mkono mmoja, na mimi nikawa namgombeza kuhusu maganda. Tangu afe nimekataa kuyafagia. Hivi vitu navyo ni vya kampuni?

Majina nimeandika ya kweli kwa sababu sijui kudanganya kwa maandishi. Yabadilishe ukisoma.

Ni mimi,
Eliakim, Tuwan.


MAMA PHELISTA ANAJIBU

Baba Nafula, majina nimeyabadilisha kama ulivyoomba. Fahali sikuweza kumbadilisha, kwa hivyo kama kuna mtu wa Tongaren anasikiliza na amejijua, basi akae na akili zake. Barua yako nimeipitisha mbele ya nyingine zote kwa sababu Ijumaa haina subira.

Kwanza pole. Pole ya kweli. Sellah aliyekuwa akinijibu jikoni ningependa kumjua, na kwa leo nitajitahidi niseme vile angesema yeye. Kwa hivyo usitarajie nikubembeleze sana.

Wewe unasema hujui kudanganya kwa maandishi. Kwa mdomo je? Umemdanganya Gathii ukiwa na birika mkononi. Umemdanganya tena kwa simu. Umemdanganya mwanamke aliyekuletea maziwa. Ulianza na mlango uliobonyea, kitu ambacho mtu yeyote mwenye gari huku kwetu anacho, na ukakiegesha kwenye michongoma hadi kikawa gari lililopotea. Mtoto wa kampuni angeliona lile bonyeo angeandika, mngejua ni la kiasi gani, na leo ungekuwa unanisikiliza huku unavaa viatu. Pembe ya ng'ombe haikukuingiza taabuni, mwanangu. Ua ndio uliokuingiza.

Sasa nisikilize juu ya Chepkosgei. Unaniuliza kama umwambie, kama utamwongezea hofu. Baba Nafula, isome barua yako mwenyewe. Ni nani aliyemshika yule fahali puani? Huyo mwanamke alikuwa amesimama hapo hapo kwenye mlango. Aliliona bonyeo kabla yako! Anajua gari halina shida ya magurudumu. Alipokuambia ameota shamba lake likitembea, ulifikiri anasimulia ndoto? Alikuwa anakubishia hodi. Alikuachia mlango wazi umwambie ukweli bila yeye kukuaibisha, nawe ukasimama hapo na kibuyu chake mkononi ukanyamaza. Hofu anayo tayari. Kitu asichokuwa nacho ni mtu wa kuishika pamoja naye.

Kwa hivyo ukimaliza kunisikiliza, usiende kwenye kinu. Mwombe mwenye kinu ruhusa, nenda kwa Chepkosgei. Mwambie yote, kuanzia michongoma hadi vitunguu vya Chwele. Usianze na "usiwe na wasiwasi". Anza na "nimekukosea".

Tuje kwa Makokha. Wewe unamwogopa na unampenda, na hivyo viwili vikikaa pamoja mtu hukosa sauti. Nami nakuambia hivi: Makokha si mwizi, bado. Kamba ikishapokewa mbele ya wazee, ng'ombe ni wa aliyeipokea, na hilo Makokha analijua kuliko wewe na binamu yako mwenye mdomo. Ndiyo maana alimtafuta fundi kwa pesa zake na hakuna aliyemdai. Alidai fahali wa dada yake siku ya kumzika, fahali huyo huyo akaliharibu gari la dada yake, na watu wakacheka. Unadhani amelala vizuri tangu siku hiyo? Sasa amelishika lile gari kama mtu anayeshika nguo ya marehemu. Ninamhurumia. Lakini huruma yangu haimruhusu kubebea vitunguu juu ya shamba la mama wa watu.

Usiende na ufunguo wa pili alfajiri. Utafika pale kama mwizi, mbwa watabweka, majirani watatoka, na huyo shemeji unayemheshimu utamvua nguo mbele ya watoto wake. Nenda mchana. Nenda na mzee mmoja wa kwenu aliyeshuhudia kamba ikikabidhiwa, asiwe yule binamu. Na uende na Chepkosgei.

Ndiyo, na Chepkosgei. Makokha alikuuliza kama kuna mtu wa upande wa lile deni aliyekuja matanga. Ukakosa jibu. Jibu lilikuwa linasugua masufuria yako! Mpelekee aliyekuja. Aketi mbele yake, na umwambie, "Shemeji, kwanza asante kwa mlango. Pili, uliniuliza ni nani alikuja. Huyu alikuja. Ukiendelea kulishika hili gari, hao wa kampuni ambao hawakuleta sukari hawatapoteza kitu. Watakaochukuliwa mali ni watoto wa huyu." Kisha nyamaza. Usiongeze neno. Chepkosgei naye asiongee kama hataki. Mtu anayeweza kumtuliza fahali kwa vidole viwili, Makokha hatamshinda.

Na akicheka ule mwanya wa Sellah, mtazame. Mtazame vizuri, umeze machozi yako, halafu useme ulichokwenda kusema. Hata dada yake angemwambia, "Makokha, acha mchezo."

Akikataa kabisa, usibishane. Toa simu, mpigie Gathii pale pale Makokha akikusikia, mwambie gari liko wapi na kwa nani. Usifanye kwa siri, lakini usiogope kufanya. Pia mwambie Makokha asithubutu kukigusa kile kifaa cha kampuni. Kikitolewa tu, hapo hatuzungumzi tena mambo ya shemeji, tunazungumza mambo ya polisi.

Kuhusu jando la Wekesa. Mjomba hamchinjii mpwa wake kama mshahara wa babake kunyamaza. Makokha akikataa kumvisha kijana nyama kwa sababu wewe ulirudisha mali ya watu, aibu hiyo ni ya kwao, na wazee wao wale wale walioshuhudia kamba hawatamwacha alale nayo. Lakini sidhani itafika huko. Ukimwendea kwa shukrani na kwa ukweli, mwezi wa nane atakuwa wa kwanza kunoa kisu.

Gathii naye. Usingoje Ijumaa. Ukitoka Bungoma, gari likiwa nawe, pita ofisini kwake. Mwambie, "Kijana wangu, siku ile nilikuficha upande mmoja. Mlango wa nyuma uligongwa na ng'ombe, umeshatengenezwa na fundi wa mtaani, na rangi haikufanana." Usimwache aigundue mwenyewe. Bonyeo la ng'ombe ni bonyeo tu, lakini mlango uliopigwa rangi kimyakimya, mkaguzi anaona ajali kubwa iliyofichwa, na hapo ataanza kutafuta hata pasipo na kitu. Siku ya ukaguzi uwe umesimama pale, pamoja na mdhamini. Pigeni picha pande zote, za ndani na za nje. Kila wanachosema kimeharibika wakuonyeshe kwa kidole. Usitie sahihi karatasi ambayo binti yako Nafula hajakusomea, tena uchukue nakala yako. Uliza gari litauzwa vipi na mtataarifiwa lini, ili lisiuzwe kwa bei ya kuku halafu pengo lote akaangushiwa Chepkosgei.

Na jambo ambalo limenishangaza hukuliandika: je, ule mkopo ulikuwa na bima ya kifo? Mikopo mingine huwa nayo, mkopaji akifariki bima inalipa lililobaki au sehemu yake. Sisemi wa Sellah ulikuwa nayo, sitaki uanze kujenga nyumba hewani. Nasema uliza, uliza kabla hujakabidhi, na wakisema haikuwepo waombe wakuonyeshe ilipoandikwa hivyo. Hukuuliza kwa sababu ulikuwa unaogopa mlango. Hivyo ndivyo uongo mdogo unavyomla mtu, unakazana kuuficha hadi unasahau haki yako.

Sasa swali lako dogo. Umeliita la kijinga, nami nimelisoma mara nyingi kuliko mengine yote.

Leso si ya kampuni. Kampuni ilikopesha gari, haikukopesha leso. Kabla ya kwenda ofisini, egesha hapo nyumbani, katikati ya uwanja, mbali na michongoma. Ichukue leso, usiifue kwanza, mpe Nafula aikunje. Maganda ya njugu yafagie mwenyewe kwa mkono wako. Ukitaka kuyaweka kwenye karatasi yaweke, ukitaka kuyamwaga shambani yamwage, hakuna atakayekuuliza. Ila usiyaachie mtu mwingine kuyatupa.

Kisha nenda. Mkeo alisema yeye na lile gari waliingia nyumbani kwako kabla hawajamaliziwa kulipiwa. Mahari ya Sellah uliimalizia, Baba Nafula. Uliishika kamba ukaikabidhi mbele ya watu, na tangu siku hiyo Sellah ni wako, hakuna kaka wala kampuni itakayokuja kumuuliza. Mgeni hakumaliziwa. Mgeni ana kwao, na aliyemleta alijua tangu mwanzo kwamba huenda atarudi.

Ile kamba uliikabidhi ukiwa umesimama wima, siku ngumu kuliko zote. Ijumaa kabidhi ufunguo hivyo hivyo. Na ukimpa Gathii ufunguo, mpe zote mbili.